Sinki Kuukuu: Tulibadili au Tulitengeneze?

Baada ya kikao cha umoja wetu mwezi uliopita, mama mmoja alitushika mkono akatuvuta pembeni. Tukadhani ana neno la ugonjwa, maana muuguzi akivutwa pembeni kanisani huwa ni homa ya mtoto, au tumbo, au mimba ambayo haijatangazwa. Kumbe sivyo. "Dada," alisema, "sinki langu la jikoni lina miaka ishirini na miwili. Limepauka, limejaa mikwaruzo, wageni wakija nalifunika kwa beseni. Baba watoto anasema bado ni zima. Mimi nimelichoka. Je, nilibadili, au natafuta ugomvi bure?"

Tulicheka naye kidogo, kisha tukamwuliza: "Ni lini mara ya mwisho uliinama ukatazama chini yake?"

Akanyamaza. Hakukumbuka.

Si yeye peke yake. Wengi wetu sinki tunalijua uso tu. Tunalisugua asubuhi, tunalisugua jioni, tunalionea aibu mbele ya mawifi, lakini mgongo wake hatuujui. Ndani ya lile kabati la chini tunasukuma chupa za mafuta ya taa, mifuko ya plastiki, viazi na sabuni, tunafunga mlango. Nasi tusingekuwa na la kusema kama hatungelipa ada ya somo hili kwa fedha zetu wenyewe.

Kosa letu

Mwaka 2012 jiko letu lilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya mayai viza, kali zaidi asubuhi kabla ya mtu kufungua maji. Tulisugua sinki kwa ndimu, tukamwaga maji ya moto, tukachoma ubani. Siku mbili nafuu, siku ya tatu imerudi. Tukajiambia kwamba sinki limezeeka, limenyonya uchafu, dawa yake ni kulitoa. Zamu yetu ya upatu ilikuwa imefika, na fedha ile ilikuwa imepangiwa sare na madaftari ya mtoto aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza. Tukasema tutaikopa, tutairudisha kabla shule hazijafunguliwa.

Sinki jipya likaja, linang'aa hadi unajiona meno. Fundi akalifunga kwa nusu siku. Jirani yetu akaliomba lile la zamani, tukampa bila kuuliza. Baada ya wiki mbili, asubuhi moja, harufu ile ile ikatupokea mlangoni.

Fundi wa pili alikuwa mzee mtaratibu. Hakugusa sinki. Alipiga magoti, akashika bomba la chini, akatazama kwa tochi, akacheka: "Mama, hapa hakuna trapu." Palikuwa na bomba lile la mikunjo mikunjo, limenyooka kutoka kwenye tundu la sinki hadi sakafuni, likaingia moja kwa moja kwenye njia ya maji machafu. Chemba ya nje ilikuwa inapumulia jikoni kwetu. Fundi wa kwanza naye alikuwa amelirudisha vile vile alivyolikuta. Trapu mpya ilitugharimu fedha ya kilo mbili za nyama. Mtoto alianza shule na sketi ya dada yake, ndefu kupita kiasi, na hakutusemesha vizuri kwa wiki nzima. Na lile sinki letu "bovu" bado lipo kwa jirani, analitumia mpaka leo, wala halinuki.

Trapu ni kile kipande cha bomba kilichopindwa mfano wa herufi U chini ya tundu la sinki. Kazi yake ni kubaki na maji kidogo ndani wakati wote, kina cha kama sentimita 5 hadi 7 na nusu. Maji hayo ndiyo mlango. Uchafu unapita kwenda nje, lakini hewa ya chemba haiwezi kurudi. Wazo hili ni la zamani: Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo cha maji chenye bomba lililopindwa mwaka 1775. Tunalitaja kwa sababu bado kuna mafundi wanaoliona pindo hilo kuwa ni urembo wa kuongeza bei.

Kama una trapu na jiko linanuka mkirudi kutoka safari ya mwezi mzima, usiogope. Maji ya ndani yamekauka tu. Mwaga jagi moja, mlango umefungwa.

Magazeti matatu

Mama aliyetuvuta pembeni tulimpa kazi ya nyumbani, nasi tunaipendekeza kwa kila mama kabla hajatamka neno "kubadili". Inataka magazeti ya zamani na saa mbili za utulivu.

Toa kila kitu katika kabati la chini. Kausha bomba, viungo vyake na sakafu ya kabati kwa kitambaa. Tandaza gazeti kavu. Ziba tundu, jaza sinki maji hadi karibu na ukingo, uende ukafanye shughuli nyingine kwa saa moja. Ukirudi, tazama gazeti. Likiwa limelowa, sinki lenyewe limetoboka au lina ufa, au ule mpira unaokaa kati ya sinki na tundu lake umekufa. Pitisha kidole kuzunguka tundu kwa chini, utajua ni lipi.

Tandaza gazeti la pili. Ngoa kizibo, acha maji yote yaende kwa mkupuo. Gazeti likilowa sasa, kosa ni la bomba na viungo vyake, na sinki halina hatia. Tazama pia maji yanavyoondoka. Yakienda kwa kusuasua na kugugumia, bomba limeziba mafuta, au mlalo wake ni mbaya. Bomba la maji machafu linatakiwa lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita moja, na kwa sinki la jikoni lisiwe jembamba kuliko inchi moja na nusu.

Gazeti la tatu: mimina maji kwa kikombe kuzunguka shina la koki na kando ya ukingo mzima, hasa nyuma kwenye ukuta, pale tusipofikisha dodoki. Hapo panaziba kwa silikoni, na silikoni huchakaa. Ikiisha, maji hupita kila siku unapoosha vyombo bila wewe kuyaona.

Usidharau tone. Sisi wauguzi tumefundishwa kuhesabu matone, maana dripu ya kawaida huhesabiwa matone 20 kwa mililita moja. Chukua tone moja kila sekunde. Hayo ni matone 60 kwa dakika, mililita 3. Kwa saa moja ni 180. Kwa siku nzima ni zaidi ya lita 4. Ukimwaga lita 4 kwa kopo ndani ya kabati lako kila siku, watu watasema umerukwa na akili, lakini tone linafanya hivyo nasi tunalinyamazia. Makabati mengi ya siku hizi ni mbao za kubandika, zilizotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi. Zikinywa maji huvimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na hazirudi. Kisha huja ukungu mweusi na mende. Mwenye mtoto wa pumu asiufumbie macho ukungu huo. Unyevu na ukungu ndani ya nyumba ni miongoni mwa mambo yanayochochea kifua chake.

Mama wetu alirudi wiki iliyofuata. Magazeti mawili ya kwanza yalikuwa makavu kabisa. La tatu lilikuwa na doa dogo la ukubwa wa kiganja, nyuma, penye ukuta. Silikoni tu. Mnajua alitujibu nini? "Dada, nimesikitika." Alitaka libovu! Tukamwambia ukweli, kwamba kutamani jiko zuri si kosa, na mume mwema anaweza kuelewa mke akisema "natamani." Ila asimwambie "limeharibika" wakati halijaharibika, kwa kuwa siku litakapoharibika kweli hataaminiwa. Waliongea. Wamekubaliana walibadili mwakani, pamoja na meza yote ya jiko, kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni busara pia, maana kulingoa sinki mara mbili ni kumlipa fundi mara mbili.

Madoa yanayodanganya

Hapa Dodoma maji ya visima yana chumvi, na sufuria ya chai huvaa koti jeupe ndani. Sinki nalo huvaa koti hilo, tukadhani limepauka kwa uzee. Siki au ndimu, ukiiacha dakika kumi na tano kisha ukasuuza vizuri, huliondoa. Lakini tunaomba kwa msisitizo, usichanganye siki wala ndimu na dawa ya klorini ya kuondolea madoa. Vikikutana hutoa hewa ya klorini, inayounguza macho na mapafu, na jiko dogo lenye dirisha moja si mahali pa kulijaribu hilo. Leo siki, kesho klorini, katikati maji mengi.

Vidoa vya kutu kwenye sinki la stenlesi navyo mara nyingi ni vya kuazima. Steliwaya tunayosugulia masufuria hukatika vipande vidogo sana, vikabaki na kushika kutu vyenyewe juu ya sinki. Sugua kwa magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji kidogo, kwa kitambaa laini, kutu inatoka. Stenlesi, ambayo Harry Brearley aliianzisha Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, haina uchawi. Ndani yake mna kromi, na kromi hiyo hujifanyia ngozi nyembamba inayokinga chuma. Chumvi na klorini zikikaa juu yake usiku kucha hula ngozi hiyo na kuacha vitundu vidogo kama vya sindano. Doa linalotoka kwa kusugua si neno. Kitundu ambacho ukucha unanasa ndani yake ni habari nyingine.

Saa ya kuliaga

Kuna masinki ambayo hata tukiyapenda hayafai tena, na kigezo chetu kama wauguzi ni kimoja: je, linasafishika? Katika sinki ndimo tunamosuuza dagaa, tunamotoa matumbo ya kuku, na dakika kumi baadaye tunaoshea chupa ya mtoto. Kuku mbichi anaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha kama salmonela. Sehemu laini ukiiosha kwa sabuni na maji moto vinaondoka. Ufa, au pale rangi ngumu ya kaure ilipobanduka na chuma kikaonekana, mafuta na damu hukaa ndani na brashi haifiki. (Na huyo kuku usimwoshe chini ya koki iliyofunguliwa kwa nguvu, maji hurusha vijidudu hadi kwenye vikombe safi. Ukilazimika, tumia beseni na maji taratibu.)

Kwa hiyo sinki la chuma lililopakwa kaure likibanduka sakafuni mwake, si pembeni, kutu haitasimama tena. La stenlesi likitoboka, viraka vya gundi havidumu. Mdomo wa tundu ukiliwa hadi mpira mpya haupati pa kushika, hakuna fundi atakayekusaidia, na anayesema atakusaidia anataka nauli. La kauri au la terazo likipasuka ukazibwa ufa ukarudi, ufa huo umekwisha kujibu. Sinki lililo chini sana hadi kiuno kinakuuma kila jioni nalo lihesabiwe, kwani meza ya jiko huwa kati ya sentimita 85 na 90, ingawa mama mrefu apande zaidi.

Wewe uliyepanga, mwite mwenye nyumba aje aone magazeti yakiwa bado yamelowa. Usinunue sinki la nyumba ya mtu bila kuandikiana jinsi mtakavyokata kwenye kodi.

Neno moja chungu hapa. Tunawajua akina mama ambao kila mwezi humimina kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, ili sinki lizibuke. Bomba linaloziba kila mwezi linaomba lifunguliwe na kusafishwa, na trapu nyingi hufunguka kwa mkono tu ukiweka ndoo chini. Kostiki ni jambo jingine. Miaka iliyopita tulikuwa zamu alipoletwa mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa kostiki iliyokuwa imehifadhiwa kwenye chupa ya soda, katika kabati la chini ya sinki. Midomo ilikuwa imevimba, mate yanamtoka, hawezi kumeza. Nyumbani walikuwa wamemtapisha kwa kidole, kwa nia njema kabisa. Kostiki ikipanda tena inaunguza koo mara ya pili. Mtoto akimeza kitu hicho usimtapishe. Futa na suuza kinywa, kimbia hospitali, na ichukue chupa yenyewe. Yule mtoto aliishi, lakini njia yake ya chakula ilibaki nyembamba, na kwa muda mrefu alikuwa akirudi hospitali ili ipanuliwe. Mama yake hatujamsahau. Alikuwa akirudia neno moja tu, "ilikuwa ya sinki, ilikuwa ya sinki."

Ukuta unauma

Kundi letu la kanisani hutembelea wajane Jumamosi moja kila mwezi. Tunabeba maharage, sabuni, na masikio ya kusikiliza. Mwaka 2019 tulikwenda kwa bibi mmoja anayeishi na mjukuu wake wa miaka tisa. Jikoni kwake kulikuwa na sinki la terazo jeusi lenye chembe nyeupe, kazi ya mikono ya marehemu mumewe aliyekuwa fundi mwashi. Alilijenga mwaka 1984, walipohamia nyumba ile. Lilikuwa zuri kuliko masinki yetu yote, na bibi alilipaka mafuta kidogo kila Jumapili likang'aa kama kiatu. Usoni halikuwa na neno, isipokuwa mistari miwili membamba ya saruji nyeupe karibu na kona.

Wakati tunaandaa chai, yule mtoto alitumwa maziwa kwenye jokofu. Alifika karibu, akasita, akavuta mkono wa shati lake ukafunika kiganja, ndipo akafungua. Tukamwuliza kwa nini. Akasema kwa sauti ya chini, "Ukuta unauma."

Bibi akamkaripia. "Utundu huo. Kila siku anasema ukuta unauma, mara jokofu linauma."

Wauguzi wawili tuliokuwapo tulitazamana. Mmoja alitoka nje kuzima swichi kubwa bila hata kuomba ruhusa. Ufa wa sinki ulikuwa umezibwa mara mbili, na mara mbili umefunguka ndani kwa ndani. Maji hayakudondoka chini, ndiyo maana hakuna aliyeyaona. Yalikuwa yakinyonywa na ukuta hadi upande wa pili, kwenye soketi ya jokofu. Plasta pale ilikuwa laini kama uji ulioganda. Fundi umeme alikuja jioni ile, akakuta kiungo cha waya kimelowa ukutani. Mwili wenye maji hupitisha umeme kwa wepesi zaidi kuliko mkavu, na mtoto yule alikuwa na kazi ya kuosha vyombo kila jioni. Hatukuongea sana njiani kurudi nyumbani.

Lakini sinki bibi alilikataa lisiguswe. "Wanangu, umeme katengenezeni. Huu ni mkono wa babu yenu." Alisema fundi mwingine ataziba tena. Hatukubishana naye siku ile. Mtu aliyekaa na kitu miaka thelathini na mitano, na kitu hicho kikawa ndicho alichobakiwa nacho cha mwenzake, huwezi kumwambia ni saruji na kokoto. Jokofu tulilihamishia sebuleni, soketi ile ikafungwa kabisa, tukaomba vyombo vioshewe kwenye beseni kwa muda.

Wiki ya pili tulirudi na magazeti. Tulimwomba bibi ajaze sinki mwenyewe. Gazeti la chini likabaki kavu, naye akatutazama kwa ushindi. Tukabandika jingine ukutani, upande wa pili, mahali palipokuwa na jokofu. Tukanywa chai, tukaimba kidogo, tukazungumza habari za mvua. Baada ya saa moja gazeti la ukutani lilikuwa limejichora doa refu la unyevu kuanzia juu hadi chini. Bibi aliligusa kwa kiganja, akakaa kimya, akamwita mjukuu, akamshika kichwa. "Ulikuwa unasema kweli," alimwambia. Kisha akatugeukia: "Basi, litoke. Ila lisivunjwe."

Tukachanga. Tulipokwenda kununua jipya tulikuwa tumejifunza kidogo. Tulipima kwanza nafasi ya meza, urefu, upana na mahali tundu la bomba lilipo, tukaandika kwenye karatasi, kwa sababu sinki linalozidi kwa sentimita mbili ni sinki la kurudishwa. Tulikwenda na sumaku ndogo. Stenlesi nzuri ya jikoni ni daraja la 304, ambayo ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na sumaku haiishiki au huishika kwa mbali. Sumaku ikinasa kwa nguvu, si 304. Isiponasa, usishangilie bado, maana kuna daraja la 201 lenye nikeli ndogo ambalo nalo mara nyingi halinaswi, na kwa maji ya chumvi kama yetu huwahi kushika kutu. Tulibonyeza sakafu ya kila sinki kwa dole gumba. Lile lililobonyea na kulia kama debe tuliliacha. Unene wa milimita 0.8 au zaidi unavumilia sufuria ya ugali, ule wa nusu milimita hauvumilii. Tukachagua lenye bakuli moja kubwa na sehemu ya kuchuruzishia vyombo, kwani mabakuli mawili madogo hayaingizi sufuria ya familia. Na trapu tuliinunua sisi wenyewe, tukaishika mkononi hadi fundi alipoifunga mbele ya macho yetu.

Kulitoa la terazo kulichukua mafundi wawili na asubuhi nzima, kwa patasi, kidogo kidogo, bibi akiwa amekaa kwenye kigoda akihesabu kila pigo. Kona moja ilikatika, penye ufa. Lililobaki lilitoka zima, zito ajabu, wakalibeba watu wanne hadi uani chini ya mwarobaini. Ukuta uliachwa wiki kadhaa ukauke ndipo ukapigwa plasta.

Mara ya mwisho tulipopita pale, lilikuwa limejaa maji na kuku wanakunywa. Maji yalikuwa yanavuja taratibu pale kwenye ufa, na bibi alikuwa ameotesha mchicha hapo hapo. Alituchumia mafungu mawili, akatuambia tusiyaoshe ndani, kuna sinki hapa nje.